Gunia la kilo 100 si mzigo wa punda

Wilayani Gairo mzigo wa punda unapangwa na gunia, na gunia linapangwa na mnunuzi. Punda mwenyewe haulizwi kitu. Viazi vitamu vinavyopelekwa masoko ya Dar es Salaam, mahindi na alizeti zinazoishia kwenye maghala ya kando ya barabara ya Morogoro hadi Dodoma, maharage na viazi mviringo vinavyoshuka kutoka milima ya Ukaguru upande wa Nongwe, sehemu kubwa ya mazao hayo hupita mgongoni mwa punda au nyuma yake kwenye mkokoteni kabla ya kufika mahali ambapo lori linaweza kuegesha. Kwa kuwa soko limezoea gunia la kilo 100, kilo 100 ndiyo imekuwa kipimo cha kumpakia mnyama ambaye mara nyingi mwenyewe ana kilo 150 au pungufu. Ninachodai hapa ni kwamba punda asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake, matandiko yakiwa ndani ya hesabu. Kwa punda wetu wengi hiyo ni kama kilo 50. Njia ya kufika huko ni kubadili ukubwa wa gunia, maana mwenye punda tumeshamhubiria vya kutosha.

Swali la mnyama abebe kiasi gani limechunguzwa zaidi kwa farasi, ambao huku kwetu ni wachache. Mbung'o na magonjwa yaliwazuia farasi kwa karne nyingi. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili, na wote wawili wakafa wiki za mwanzo tu za safari. Punda alistahimili zaidi, ndiyo maana yeye ndiye aliyebaki nasi. Lakini ujuzi wa farasi unatufaa, kwa sababu mifupa, misuli na kano za migongo ya wanyama hawa wawili zimepangwa karibu kwa namna moja. Jeshi la Marekani, lililoishi kwa farasi kwa muda mrefu, lilikuwa na kanuni kwamba mpandaji pamoja na tandiko na vifaa vyake visizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mwaka 2008 watafiti wa huko Ohio waliipima kanuni hiyo kwa farasi wanane, wakiwapakia asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao na kuwafanyisha mazoezi. Kwenye 15 na 20 hapakuwa na tofauti ya maana. Kwenye 25 mapigo ya moyo yalipanda na misuli ikaanza kukaza, na kwenye 30 maumivu ya misuli yalikuwa dhahiri. Miaka kumi hivi baadaye, nchini Uingereza, daktari wa mifugo Sue Dyson na wenzake waliwapandisha watu wanne wenye uzito tofauti juu ya farasi sita kwa zamu. Majaribio yote ya wale wawili wazito yalikatishwa kabla ya wakati, karibu yote kwa sababu farasi walianza kuchechemea. Walipopumzishwa, kuchechemea kukaisha.

Upo ushahidi unaoonekana kwenda kinyume, na si haki kuuficha. Katika mbio za Tevis huko California, zenye urefu wa kilomita 160 kwa siku moja, watafiti waliwapima farasi mamia na kukuta kwamba uzito wa mpandaji haukutabiri nani angemaliza na nani angeshindwa. Wapo waliobeba zaidi ya asilimia 30 na wakafika. Kilichotabiri ni hali ya mwili: farasi waliokonda ndio walioshindwa, wenye nyama ya kutosha mgongoni na mbavuni wakafika. Msomaji anaweza kusema basi kumbe uzito si hoja. Mimi nauona ushahidi huo kuwa onyo kwetu. Farasi wale walikuwa wamelishwa, wamefundishwa mwaka mzima, wamekaguliwa na madaktari njiani, na walifanya kazi hiyo siku moja kisha wakapumzishwa majuma kadhaa. Punda wa Gairo hubeba mzigo wake mzito wakati wa mavuno, na zinapofika Septemba na Oktoba, majani yamekauka na yeye amebaki mbavu, ndipo anapopelekwa kubeba maji kila siku. Kama kukonda ndiko kunakoangusha farasi wa mashindano, basi mnyama wetu anafanya kazi akiwa katika ile hali hasa inayoangusha.

Kuna tofauti nyingine inayomwonea punda. Mtu aliye juu ya farasi ni mzigo hai: anainama mwinukoni, anajisawazisha, anashuka farasi akichoka. Gunia ni mzigo mfu. Likiegemea upande, linabaki limeegemea mpaka mwisho wa safari. Gunia moja la kilo 100 likilazwa kukatisha mgongo linakalia uti wenyewe, mahali ambapo chini ya ngozi hakuna nyama ila mfupa. Mzigo unatakiwa ukae juu ya misuli miwili iliyopita kandokando ya uti, ukiwa umegawanywa sawa kulia na kushoto, na katikati pabaki nafasi ya hewa. Wazee wa pwani walilijua hilo. Ndiyo maana walisuka shogi, mifuko miwili ya ukili inayoning'inia huku na huku, juu ya tandiko lililojazwa makapi au nyasi laini. Stanley naye alijishughulisha Unguja kushona matandiko ya punda wake kwa turubai kabla hajavuka kwenda bara. Leo kwenye vijiji vyetu vingi tandiko ni gunia tupu lililokunjwa mara mbili, na kamba ya katani au ya nailoni.

Anayetaka kuona matokeo asimame mnadani awatazame punda waliofungwa mlangoni. Pale shingo inapoishia na mgongo kuanza, punda wengi wana mabaka ya nywele nyeupe, wakati nywele za pembeni ni za kijivu au kahawia. Mabaka hayo hawakuzaliwa nayo. Ni kovu: ngozi ikibanwa hadi damu isipite, vinyweleo huharibika, na kidonda kikipona nywele hurudi zikiwa hazina rangi. Ukiinua mkia utakuta alama nyingine, mstari wa ngozi iliyochubuka ulioachwa na kamba inayopitishwa chini ya mkia ili mzigo usiteleze mbele wakati wa kushuka mlima. Mteremkoni mzigo wote husukuma kwenye mabega, na kamba hiyo nyembamba ndiyo breki pekee. Mkanda mpana wa nyuma ya mapaja, wa mpira wa gari au turubai lililokunjwa, ungeifanya kazi hiyo bila kukata ngozi, na gharama yake ni ndogo mno kiasi kwamba sioni udhuru wa kutokuwa nao.

Kwa nini basi theluthi, wakati kanuni ya farasi ni moja ya tano? Serikali ya Ugiriki, baada ya malalamiko juu ya punda wanaowapandisha watalii kwenye ngazi za kisiwa cha Santorini, iliweka mwaka 2018 kwamba mzigo usizidi kilo 100 au moja ya tano ya uzito wa mnyama. Kwa punda wa kilo 150 moja ya tano ni kilo 30, yaani dumu moja na nusu la maji. Naheshimu hesabu hiyo, ila naona haitatekelezeka Gairo, na kanuni isiyotekelezeka hailindi mnyama yeyote. Punda hutembea, hakimbizwi wala harukishwi vizuizi. Kwa ukubwa wa mwili wake mgongo wake ni imara kuliko wa farasi, na safari nyingi za maji na mazao ni za saa chache. Theluthi ni mahali ambapo mnyama mzima, mwenye afya na tandiko zuri, anaweza kufanya kazi miaka mingi. Kwa njia za milimani ningeshuka hadi robo. Kwa lugha ya madumu, theluthi ni madumu mawili ya lita 20 pamoja na tandiko. Kwa lugha ya mahindi ni debe mbili. Punda wengi leo hupakiwa madumu manne, na manne ni kilo 80 kabla ya kuhesabu tandiko, zaidi ya nusu ya uzito wa anayebeba.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba nchi hii ilishawahi kuwa na kipimo cha haki cha mzigo, na kilipatikana kwa sababu waliobeba waliweza kusema. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipita Ukaguru, Mamboya ikiwa moja ya vituo vyake. Wapagazi walibeba kwa kawaida ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32. Wenye misafara wangependa zaidi, lakini mpagazi aliyezidishiwa aliutua mzigo, aligoma au alitoroka usiku, na msafara ukakwama. Mzigo ulibaki pale ambapo mbebaji alikubali. Leo mwili wa mtu unalindwa angalau kwa maandishi: Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Punda hana namna ya kugoma ila kulala chini. Akilala anapigwa fimbo, na watu wanasema ni mbishi.

Narudi kwenye gunia, maana hapo ndipo penye ufunguo. Mbolea inayopanda kwenda mashambani iko kwenye mifuko ya kilo 50. Saruji ni kilo 50. Punda yule yule anayepanda na mfuko mmoja wa mbolea anateremka na gunia la viazi la kilo 100, na mara nyingi si 100. Ni lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo likiwekwa kwenye mizani linaweza kufika kilo 120 au 130. Lumbesa ni kosa. Kanuni za vipimo zinataka mazao ya shambani yasifungashwe kwenye gunia la zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiwakamata wanaokiuka. Tumezoea kuizungumza lumbesa kama wizi anaofanyiwa mkulima, na kweli ni wizi: akiuza magunia kumi ya kilo 130 kwa bei ya kilo 100, ametoa bure magunia matatu. Lakini zile kilo 30 zilibebwa na mtu au mnyama kutoka shambani hadi barabarani. Anayeibiwa analazimika pia kumuumiza punda wake ili wizi ukamilike.

Gunia lisilogawanyika ndilo linalomnyima mwenye punda uchaguzi. Likishajazwa na kushonwa shambani mbele ya dalali, hakuna namna ya kupakia nusu. Mifuko ya kilo 50 ikiwa ndiyo kipimo cha soko, au ya kilo 25 inayopakiwa miwili, mmoja kila upande, mzigo wa punda unajirekebisha wenyewe bila askari wa kusimama njiani. Na kuli wa stendi na ghalani, ambaye leo anaweka kilo 100 mabegani kinyume kabisa na pendekezo lile la mwaka 1967, anapata nafuu siku hiyo hiyo. Wafanyabiashara watasema mifuko midogo inaongeza gharama ya vifungashio na kazi ya kushona. Ni kweli, inaongeza kidogo. Mbolea na saruji zinauzwa hivyo hivyo na biashara yake haijafa.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba punda ameumbiwa mizigo, amebeba hivyo tangu enzi za mababu, na yuko hai. Punda afe mzigo ufike, ndivyo watu wasemavyo, na wengine wanauchukua msemo huo kama kanuni ya kazi. Kustahimili kwake ndiko kunakotudanganya. Punda ni mnyama wa majangwa, na mnyama anayewindwa hujifunza kutoonyesha udhaifu. Anaendelea kutembea akiwa na kidonda ambacho kingemfanya ng'ombe alale. Akitunzwa anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Mtu ambaye punda wake amezeeka akiwa na miaka kumi amepoteza zaidi ya nusu ya mali yake, ila hakuipoteza siku moja, kwa hiyo hasara hiyo haimo kwenye daftari lake. Hasara hiyo imekuwa kubwa zaidi miaka hii, kwa sababu pengo la punda halizibiki kirahisi. Jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, na biashara ya ngozi za kupeleka China ilikuwa imeanza kuwamaliza. Machinjio ya Dodoma na Shinyanga yalichinja kwa kasi isiyolingana na kuzaliana. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 10 mwishoni mwa 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, huko Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Tumemwokoa na kisu. Si busara kummaliza kwa gunia.

Pingamizi zito ni la mama wa Kibedya au Chakwale ambaye hana bomba karibu. Punda akibeba madumu mawili badala ya manne, mawili yaliyobaki yatabebwa na nani? Kichwa cha mama, au cha binti aliyetakiwa kuwa darasani. Sitaki kulipuuza hili hata kidogo, maana faraja ya punda isiyojali shingo ya mwanamke si ustawi wa yeyote. Lakini tuangalie inavyokuwa kwa mwaka mzima. Punda mwenye kidonda mgongoni hupumzishwa majuma, na majuma hayo madumu yote manne yako kichwani. Anayebeba mawili bila kuumia hufanya safari ya pili jioni, na kesho yupo. Safari ya pili ina gharama ya muda, nakiri, na muda wa mwanamke wa kijijini ndio kitu tunachokithamini kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo jibu kamili ni magurudumu.

Punda akivuta anafanya kazi kubwa kuliko akibeba, na hesabu yake haina ugumu. Punda wa kilo 150 anaweza kuvuta kwa mfululizo kwa nguvu iliyo karibu na moja ya saba ya uzito wake, kama kilo 20. Kwenye udongo mgumu ulio tambarare, mkokoteni wa magurudumu ya mpira wenye uzito wa kilo 500, wenyewe pamoja na mzigo, hudai nguvu isiyozidi sana hapo. Hayo ni madumu 15 na zaidi badala ya mawili. Ila njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, mkokoteni huo unaanza kumvuta punda kurudi nyuma kwa kilo 50 za ziada, na hapo mnyama mmoja hawezi. Wawili nao wataumia. Mkokoteni basi ni wa tambarare za Gairo mjini na vijiji vya barabarani, na hata huko mzigo upungue kila penye mwinuko au mchanga. Nira ya ng'ombe isiwekwe shingoni mwa punda. Ng'ombe wetu ana nundu ya kusukumia nira. Punda hana, nguvu zake ziko kifuani, na nira ya mti inamgonga kwenye mfupa wa shingo kila hatua. Mkanda mpana wa kifuani unaweza kushonwa na fundi viatu yeyote. Njia za Nongwe zitaendelea kuwa za mgongo mpaka barabara zitengenezwe, na pikipiki zinazopanda huko nazo zinapakiwa kwa gunia lile lile, kwa hatari ya dereva.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Ofisa mifugo wa kata akikutana na punda aliyelemewa anahitaji, zaidi ya neno mateso, idadi ya kilo ambayo mwenye punda naye anaijua tangu asubuhi alipokuwa akipakia. Halmashauri ya Gairo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na naona ianze na mambo mawili. La kwanza ni kwamba mazao yanayotozwa ushuru wilayani yafungashwe kwa mifuko isiyozidi kilo 50, na kizuizi cha ushuru ndicho kikague, kwa kuwa magunia yanahesabiwa pale tayari. La pili ni mzigo wa mgongoni kutajwa kwa vipimo vya nyumbani: madumu mawili, debe mbili, mfuko mmoja wa kilo 50 uliogawanywa pande mbili, tena kwa punda mkubwa tu. Anayebishana kuhusu ukubwa wa punda wake apimiwe kifua kwa futi ya fundi cherehani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Kifua cha sentimeta 110 hivi ni cha mnyama wa takribani kilo 130, na kwa huyo hata kilo 50 zimezidi. Ofisa mifugo anaweza kupima punda wote wa mnada mmoja kwa siku na kumwandikia kila mwenye punda kiwango chake kwenye karatasi. Kazi hiyo ifanyike kabla ya mavuno kuanza, wakati magunia bado ni matupu.